Zidaka Ishirini na Moja

Ukuta wa mama, Mkomani, una zidaka ishirini na moja.
Kila Ijumaa anashusha sahani, anazipangusa,
anazirudisha kwa mpango mwingine.
Leo aliniona na kompyuta mapajani,
umeme ukienda na kurudi kama mgeni asiyeamua.

"Weye wa mashine, hebu nambia:
zapangika kwa ndia ngapi,
nisirudie mpango hata mara moya?"

Nikacheka. Swali dogo.
Ishirini na moja mara ishirini mara kumi na tisa,
unateremka hivyo hivyo hadi moja,
kama ashukaye ngazi za nyumba yetu gizani.
Nikaandika mistari minne. Nikabonyeza.

Sahani moja: njia moja.
Tatu: sita.
Kumi: laki thelathini na sita na ushei.
Ishirini: tarakimu kumi na tisa, zimenyooka.
Ishirini na moja:
alama ya kutoa. Kisha nne, mbili, nne, tisa…

"Hasi," nikasema.
"Hasi ndiyo nini?"
"Chini ya sufuri. Kama kwamba wadaiwa."
"Nadaiwa sahani zangu mwenyewe?"
Akanipa mgongo, akaendelea na ya buluu,
ile iliyopasuka ukingo.

Kumbe mashine nayo ina ukuta.
Zidaka zake sitini na nne, basi.
Kila kimoja kina kitu au hakina,
na kile cha juu kabisa kimewekewa ishara:
kikishika kitu, hesabu nzima inageuka deni.

Haikupiga kelele.
Haikusema, nimeelemewa.
Ilikosea kwa hati nzuri,
na hilo ndilo lililonitia baridi:
nikaanza kuwaza stakabadhi zote nilizomwandikia Mbwarahaji wa duka la saruji,
usiku wote nilioiamini.

Nikaita maktaba.
Si ile ya ngomeni, yenye feni na magazeti ya juzi.
Hii haina mlango; ni mstari mmoja kichwani mwa faili.
Humo namba ni chombo.
Unakiandaa kwanza, ndipo unatia.
Huchori msalaba wa kuzidisha kama mtoto ubaoni;
unaomba, kwa adabu na mabano:
zidisha(jibu, jibu, sahani),
na jibu linatajwa mwanzo,
kama mgeni awekewaye kiti kabla hajafika.
Namba ikikua, fundi usiyemwona anakanda chokaa,
anachimba kidaka kingine, na kingine,
mpaka kumbukumbu iishe.
Ukimaliza, unaosha chombo, unakirudisha.
(Nilisahau kuosha. Mama asingesahau.)

Likaja:
51090942171709440000.

Nilikuwa na mia, elfu, laki, milioni, bilioni;
hapo mdomo ukaishiwa.
Nikamsomea moja moja,
tano, moja, sufuri, tisa, sufuri,
naye akasikiliza, kitambaa mkononi,
hadi zile sufuri nne za mwisho,
kichwa kimeinama kama asikilizaye uradi.

"Ni nyingi," akasema. "Lakini sahani ni ishirini.
Ya Mwanamize ilivunjika."

Hakusema lini. Najua lini.
Nilikuwa nimehesabu ukuta, sikuhesabu vilivyomo.

Nikaandika upya:
sahani ishirini, zidaka ishirini na moja.
Nikaandaa vyombo, nikazidisha, nikagawanya,
nikaita kazi ile ya kulinganisha
ijibuyo sufuri pale viwili vilipo sawa.
Ikajibu sufuri.
Jibu ni lile lile, tarakimu kwa tarakimu.
Mahali patupu panazidisha kama sahani.

Sikumwambia. Yeye hakuuliza.
Ila nilitazama mikono yake ikipanga,
nikafahamu kwa nini, miaka yote hii,
pengo halikai pamoja Ijumaa mbili.

Wiki hii ameliweka karibu na dirisha.